Baraka mwanangu, hilo trela msilichukue bado

Marahaba baba, huku Columbus hatujambo, baba yako anawasalimu wote.

Nimesoma meseji yako yote. Unauliza kampuni gani hapa Marekani inatengeneza trela zuri la kulala, manake mnataka kununua la kwanza muanze kutembea na watoto, na mmeshalipenda moja kwa dila, muuza matrela, hapo Dallas, jipya, futi 26, lina vitanda vya watoto vya juu na chini, pauni 4,600 likiwa tupu, na mnaona gari lenu la Toyota Highlander litalivuta bila shida. Nimefurahi mno, ila nakuomba usitoe advansi kwanza.

Kuhusu kampuni ni hivi. Matrela mengi ya nchi hii yanatoka sehemu moja, Elkhart kule Indiana na miji ya jirani, na wenye mali wakubwa ni watatu tu. Thor ndo mwenye Jayco, Keystone na Airstream, Winnebago ana Grand Design tangu 2016, na Forest River iko chini ya Berkshire Hathaway. Majina ni mengi lakini fremu nyingi zinatoka kwa Lippert, na hita na friji ni za watengenezaji walewale wachache. Sasa tofauti iko wapi? Iko kwa waliounganisha, manake viwanda vingi kule vinalipa kwa kazi iliyomalizika, yaani mkitoa matrela mengi mnapata zaidi, na ukiharakisha vitu ndo skrubu inakosa mbao na silanti, ile gundi ya kuzuia maji, inaruka sehemu. Matrela mawili ya aina moja yanaweza kutoka kiwanda kimoja, moja likadumu na lingine likavuja mvua ya kwanza. Ndo maana sikupi jina moja nikakwambia nenda kanunue macho umefumba. Na dila akikuonyesha stika ya RVIA, chama cha watengenezaji wa matrela, pale mlangoni, jua hiyo inahusu viwango vya usalama, umeme, gesi, moto na mabomba, haikuambii kama paa limezibwa vizuri.

Na paa ndo lenyewe mwanangu, kinachoua matrela ni maji. Kuna jirani yetu alinunua jipya kabisa, kampuni siitaji, kabla mwaka haujaisha akatuita tuone, kwa nje linang'aa, ila ukifungua kabati la kona ya mbele harufu ya uvundo inakupiga, ukibonyeza ukuta kwa kidole gumba unaingia ndani kama mkate ulioloa. Maji yalikuwa yanapita kwenye ufa mdogo wa silanti pale paa linapokutana na ukuta, ufa wenyewe hata kucha haiingii vizuri.

Kwa hiyo ukienda omba ngazi upande juu, wakikukatalia ondoka. Fuata ile silanti nyeupe kuzunguka kila tundu na kando zote, angalia kama imepasuka au imeinuka. Ndani ingia na tochi, chini ya vitanda, chini ya sinki, pembe zote za makabati, na bonyeza. Kama kuta ni za faiba ya kubandikwa simama kwenye kona uangalie ukuta kwa urefu wake jua likiwa limelala, ukiona malengelenge ujue faiba imeachana na plaiwudi, na kurekebisha hapo ni hela nyingi sana. Waambie waunganishe maji na umeme, ufungulie kila bomba, uwashe kila kitu, slaidi, ile sehemu ya ukuta inayosukumwa nje, itoke na kurudi. Au bora zaidi mlipe mkaguzi mwenye cheti cha NRVIA, chama cha wakaguzi wa matrela, mtu ambaye dila hamlipi.

Sasa uzito, na hapa sitazunguka. Highlander yenu mwisho wake wa kuvuta ni pauni 5,000. Hizo 4,600 ni bila maji, bila chakula, bila nguo, bila baiskeli za wajukuu zangu. Galoni 40 za maji peke yake ni zaidi ya pauni 330, mkipakia mnafika 5,500 bila kujua. Halafu asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wote inakaa kwenye huki, pale trela linapofungwa kwenye gari, yaani 550 kwenda juu inakandamiza nyuma ya gari, na hiyo inahesabiwa pamoja na nyie wanne mliokaa ndani kwenye mzigo ambao gari linaruhusiwa kubeba. Hata liwe la kampuni bora duniani, kwa gari hilo hapana. Sitaki kusikia trela limeanza kuyumba kwenye barabara kuu ya I-35 watoto wakiwa nyuma.

Mimi ningekuwa nyie ningetafuta used la faiba iliyomwagwa kwenye kalibu, maganda mawili yanaunganishwa katikati basi, viungo vya kuvuja ni vichache. Ya Casita yanatengenezwa Rice, hapo hapo Texas kusini mwenu, na Scamp wako Backus, Minnesota, wana mpangilio ambao kochi la mbele linageuka vitanda viwili vya juu na chini. Ni madogo najua, mkwe wangu atalalamika jiko, na hata used bei yake haishuki sana, lakini ni mepesi na watoto bado wadogo. Mkiamua jipya, angalau Texas sheria yenu ya lemon, ile inayomlinda aliyeuziwa gari bovu, inagusa hata matrela mapya, majimbo mengi hayana hiyo. Muulize dila pia fundi wake anachukua muda gani kurudisha trela la waranti, manake wengine wanakaa nalo msimu mzima.

La used likipatikana angalia tairi, namba nne za mwisho baada ya DOT, ikiwa 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019, hizo badilisha tu hata kama zinaonekana nzima. Na VIN, ile namba ya utambulisho wa trela, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, idara ya serikali ya usalama wa magari, uone kama kuna rikoli, yaani kasoro ambayo kampuni imetakiwa kurekebisha, haijafanyiwa kazi. Ukishapata moja nipigie, jioni niko nyumbani, tuliangalie pamoja kwenye video kabla hujakubaliana bei.

Mama