Barua kwa mwanangu kuhusu paka anayejitafuna

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na zile picha nimezitazama mara tatu nikiwa nimevaa miwani. Unasema Doa alianza kwa kujilamba tumbo hadi likabaki wazi, na kwamba kwa majuma mawili sasa amehamia kwenye mkia, anautafuna ncha mpaka damu inatoka, na ukimfokea anakimbilia chini ya kitanda na kuendelea hukohuko. Unaniuliza kama paka anaweza kurukwa na akili, na kama ni wewe uliyemharibu kwa kuhama nyumba.

Nianze na huko kumfokea, kwa kuwa ndiko unakoweza kukuacha leo hii. Paka hahusishi ukali wako na kile anachokifanya. Anachojifunza ni kwamba wewe unatisha, kwa hiyo ataendelea kujitafuna mahali usipomwona, na ikiwa chanzo ni wasiwasi utakuwa umemwongezea. Ukimwona ndiyo kwanza anaugeukia mkia, mrushie yule samaki wake wa kitambaa apite mbele ya macho yake, bila neno, kabla hajazama.

Kujilamba kwenyewe si ugonjwa. Paka mzima hutumia sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho akijisafisha, na ulimi wake umejaa vijimiba vilivyoelekea nyuma, vigumu kama ukucha, ndiyo maana akikulamba mkono unahisi msasa. Msasa huo ukipita mahali pamoja siku nzima, manyoya hukatika. Pitisha kidole taratibu juu ya tumbo lake kuelekea kichwani: ukihisi vishina vifupi vinavyokwaruza kama kidevu kilichonyolewa jana, basi anayakata mwenyewe, hayapukutiki. Daktari atalithibitisha hilo kwa kutazama nywele chache chini ya hadubini na kuona kama ncha zimevunjika.

Sasa nisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo nilipowahi kukosea. Ulipokuwa mdogo tulikuwa na paka aliyejinyonyoa kiuno chote, nami nikamwambia kila aliyeuliza kwamba ana mawazo, anamlilia bibi yako aliyekuwa amesafiri. Nilikuwa nimempitishia kitana na sikuona kiroboto hata mmoja. Sikujua kwamba paka anayejilamba sana huwameza viroboto wenyewe, wala kwamba paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto huweza kuteseka kwa kuumwa na wachache tu. Daktari alichukua vile vipunje vyeusi nilivyodhani ni vumbi, akaviweka juu ya pamba nyeupe iliyoloa, na vikatoa rangi ya kutu: kilikuwa kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyomeng'enywa. Niliona haya. Jaribio hilo unaweza kulifanya jioni hii, hasa kwa manyoya ya karibu na shina la mkia.

Wala si mimi peke yangu niliyewahi kudanganyika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, paka 21 waliokuwa wakidhaniwa kwamba wanajinyonyoa kwa msongo walipimwa upya kwa utaratibu; 16 kati yao walikutwa na sababu ya kimwili, 3 walikuwa nayo pamoja na msongo, na ni 2 tu ambao tatizo lao lilibaki kuwa la kitabia. Kwa hiyo ukiambiwa kwa haraka kwamba ni tabia tu, omba kwa heshima ngozi ichunguzwe kwanza.

Utakapompeleka kwa daktari wa mifugo, mweleze mahali na mpangilio, maana mahali husema mengi. Tumbo la chini kulambwa huweza kuwa dalili ya maumivu ya kibofu, kwa hiyo chunguza anaingia mara ngapi kwenye sanduku la mchanga na anatoa mkojo kiasi gani. Kwa mkia, yawezekana uliwahi kubanwa na mlango, au mishipa ya fahamu inamsumbua. Wapo paka ambao ngozi ya mgongo hutetemeka kama maji yaliyopigwa na upepo, mboni zikapanuka, kisha wakaugeukia mkia wao kana kwamba ni adui. Mpige picha ya video akiwa katika hali hiyo, kwa sababu mbele ya daktari atatulia tuli kama mgeni.

Usimpe dawa yoyote ya nyumbani. Parasetamoli humuua paka, kwani ini lake haliwezi kuivunjavunja, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kwake. Ukipewa dawa ya viroboto inayomfaa, safisha na mazulia na matandiko, kwa kuwa mayai na mabuu hukaa humo. Daktari akishuku chakula, utamlisha chakula maalumu kwa majuma 8 au zaidi, bila hata kipande kimoja kinachoanguka mezani. Najua moyo wako ulivyo, ndiyo maana nalitaja.

Kola ya koni, ile inayovaliwa shingoni na kuzunguka kichwa, avae mpaka kidonda kipone, lakini isikudanganye. Inazuia meno, haiondoi chanzo. Mkia ukivimba, ukinuka, ukipoa au ukibadilika kuwa mweusi, mpeleke siku hiyohiyo.

Mwili ukionekana mzima, ndipo tugeukie nyumba. Hukumharibu, ila kuhama huenda kulimtikisa, kwani paka huishi kwa kujua kila kitu kiko wapi na kinakuja lini. Mlishe kwa saa zilezile. Mchezeshe dakika 5 hadi 10 asubuhi na jioni kwa mchezo wa kuwinda, akamate kweli, kisha umpe chakula papo hapo. Mwekee mahali pa juu pa kulala na pembe ya kujificha ambayo hakuna anayemfuata, na kama kuna paka wa jirani anayemkodolea macho dirishani, ziba kioo sehemu ya chini. Ikiwa daktari ataona inafaa kumwandikia fluoksetini au klomipramini, yaani dawa za kupunguza wasiwasi, usione ni aibu wala usitarajie muujiza. Dawa hizo huchukua majuma kadhaa kuonekana, na haziachwi ghafla bila ushauri.

Andika kila siku kwenye daftari: saa ngapi amejitafuna, nini kilitangulia, ilichukua dakika ngapi. Manyoya huchelewa kurudi, miezi hata, lakini daftari litakuonyesha mapema kama vipindi vinapungua.

Safari yako ya mwezi ujao usiifute. Nitakuja kukaa naye hapohapo kwenu, asihamishwe tena. Niachie funguo, saa zake za kula kwenye karatasi, na yule samaki wa kitambaa, usimfue.

Mama yako