Re: Friji inamaliza uniti za LUKU

Habari mkuu. Umesema friji inanguruma kutwa kucha bila kupumzika na uniti za umeme zinayeyuka. Anza na mpira wa mlango: bana noti, funga, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, baridi inavuja hapo. Osha mpira kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ukiwa umechanika, badilisha. Halafu chomoa friji, futa vumbi kwenye mabomba ya mgongoni, uiweke sentimita 10 kutoka ukutani. Barafu ikizidi nusu sentimita iyeyushe, ila kisu weka mbali, utatoboa bomba la gesi! Kompresa (mota inayosukuma gesi ya friji) ya wati 100 isiyopumzika hula uniti 2.4 kwa siku; ikipumzika nusu ya muda, 1.2. Ikigoma bado, huenda ni gesi au themostati (kifaa kinachopima baridi na kuiwasha au kuizima kompresa). Hapo muite fundi.