Matokeo si makapi

Msomaji wa Voi anauliza: "Tuandike seva au sava? Kila uchaguzi ukifika neno hili liko midomoni mwa watu, seva zifunguliwe, na magazetini naona yote mawili."

Seva. Ngeli ya I-ZI: seva imezimwa, seva zimezimwa. Hilo limekwisha. Ila katika barua yako hiyohiyo, mstari wa nne, umeandika "matokeo yanapopeperushwa kutoka vituoni", na neno hilo limenikwama kooni kama mwiba wa samaki tangu uchaguzi wa 2013.

Kupeperusha ni jamaa ya upepo, pepea na pepeta. Sasa mtazame mama uani na ungo wake. Anaurusha mpunga uliotwangwa, upepo unapita, makapi yanapeperuka hadi kwa jirani, kuku mbio wanayafuata. Mchele je? Umerudi ungoni, umetulia. Kinachopeperushwa ndicho kisichotakiwa! Tena mama hana habari makapi yameangukia wapi, wala hayadai. Ndiyo kura za urais hizo?

Kituoni mambo ni mengine kabisa. Msimamizi anajaza Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, mawakala wanatia saini, anaipiga picha kwa kifaa cha KIEMS, mashine ya kielektroniki ya tume ya uchaguzi, anabonyeza, picha inakwenda. Karatasi yenyewe bado anayo mkononi. Mwaka 2022 picha hizo, za vituo zaidi ya 46,000, ziliwekwa kwenye tovuti ya IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, na yeyote mwenye simu na bando akakaa kitako kujumlisha mwenyewe. Kuna aliyetuma, kuna aliyepokea. Upepo umeingilia wapi?

Nakiri, 2017 kitenzi hicho kilikaribia kupata haki yake. Tarakimu zilitangulia Bomas, ukumbi wa Nairobi zinakojumlishiwa kura za urais, fomu nyingine zikawa hazijulikani ziko wapi, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa urais. Hapo, sawa, kuna kitu kilipeperuka.

Bendera ipeperushwe, ndiyo kazi yake. Mechi "kupeperushwa mbashara" nimeshindwa, nimezeeka, pitisheni. Lakini matokeo yatumwe. Na kabla hujaniandikia tena: kusambaza nako si kutuma. Kinachotumwa kina anwani moja. Kinachosambazwa huenda kwa kila mtu, kama habari za msiba, na hilo lingoje mpaka mwenyekiti wa tume atangaze.