Texas hakuna kodi, eti

Nikiwa Minneapolis, kila siku ya mshahara nilikuwa nanung'unika. Minnesota huanza kukata asilimia 5.35 na hufika 9.85 kwa wenye nazo. Kwa mshahara wangu wa dola 60,000, jimbo lilichukua karibu 2,600 kwa mwaka. Jamaa zangu wa Houston nao, kila wakipiga simu, wimbo ni uleule: hamia huku, Texas hakuna kodi ya jimbo kwenye mshahara.

Hawakunidanganya. Texas haigusi mshahara. Ila shule zinahitaji pesa, na sehemu kubwa ya pesa hiyo hutoka kwenye kodi ya nyumba za watu.

Nilinunua nyumba mpya pembeni ya Houston, dola 300,000. Mwaka wa kwanza malipo ya benki, ambayo ndani yake mna kodi ya nyumba, yalikuwa mepesi, nikajiona mjanja. Kumbe mali huthaminiwa kwa hali yake ya Januari 1, na siku hiyo pale palikuwa kiwanja kitupu. Nilikuwa nalipia udongo! Mwaka wa pili ikathaminiwa nyumba nzima, na malipo ya mwezi yakapanda kwa zaidi ya dola 400. Juu ya hapo, vitongoji vingi vipya vina MUD, mamlaka inayokopa kujenga mabomba na mitaro kisha ikawatoza wenye nyumba. Kwangu jumla ya kodi ilifika karibu asilimia 2.6 ya thamani ya nyumba kwa mwaka.

Kwa hiyo ukionyeshwa nyumba, usiulize muuzaji alilipa kodi kiasi gani mwaka jana. Uliza asilimia ya jumla, pamoja na MUD, halafu zidisha kwa bei ya nyumba iliyokamilika. Ukishahamia, omba punguzo la kodi la mwenye kuishi kwenye nyumba yake. Usipojaza fomu hulipati.

Anayepanga asicheke. Sisi tunaita zote mbili kodi, na kweli ile ya serikali mwenye nyumba huiingiza ndani ya ile unayomlipa yeye.

Nguo, ambazo Minnesota hazitozwi, Texas zinaweza kukatwa kodi ya mauzo hadi asilimia 8.25. Barabara za kulipia zipo nyingi. Na kama kipato ni kidogo, angalia bima ya afya kwanza kabisa: Texas haikupanua Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, na mtu mzima asiye na mtoto anaweza kukosa kabisa alichokuwa anakipata Minnesota.

Sasa binamu yangu anaulizia Florida, ambayo nayo haigusi mshahara. Nimemwambia aniletee kwanza bei ya bima ya nyumba ya huko, ndipo tuzungumze.