Nimsifuje Mungu nikisoma habari za Samsoni?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Kila asubuhi mimi na watoto tunasoma Zaburi moja, kisha sura moja ya kitabu kingine. Juzi Zaburi 146 iliangukia siku moja na Waamuzi 16. Tumetoka kusema Haleluya, mara Samsoni anaingia kwa kahaba huko Gaza. Mwanangu wa miaka 12 akauliza, "Huyu naye ni mtu wa imani?" Na kweli Waebrania 11 inamtaja. Nimjibu nini?

JIBU: Amina, dada yangu. Mtoto ameuliza vizuri, usimnyamazishe. Miaka mingi nilifundisha shule ya Jumapili nikisimulia simba na mbweha 300, nikiruka Gaza na Delila, mwanamke aliyemsaliti. Nilidhani ninamlindia shujaa heshima yake. Kumbe nilikuwa nikiwazoeza watoto kumsifu Samsoni.

Kwanza rudini sura ya 15. Samsoni ameua Wafilisti 1,000 kwa taya la punda, kisha anaimba. Usikilizeni wimbo wenyewe: ni taya, ni chungu za maiti, ni "nimeua". Jina la Mungu halimo. Debora, katika sura ya 5, anaimba akimhimidi BWANA tangu mwanzo. Samsoni akashikwa na kiu hata akaogopa kufa. Mtu aliyeangusha jeshi zima hana maji ya kunywa. Hapo ndipo anapomlilia Mungu na kukiri kwamba wokovu ule mkuu ni Yeye aliyeutoa. Mungu akapasua mahali palipo na shimo huko Lehi, maji yakatoka, bila kumdai kwanza autubu ule wimbo. Mimi mstari huo huwa sina haraka ya kuuacha.

Katika sura ya 16 wanaoimba ni Wafilisti. Wanamtazama Samsoni aliyepofuliwa na wanamhimidi Dagoni, mungu wao (mstari wa 24). Anguko la mtumishi wa Mungu limekuwa wimbo wa sanamu. Biblia haifichi aibu hiyo, nasi tusiifiche mezani kwetu, hata mbele ya watoto. Wala Samsoni hayuko peke yake: Gideoni, mwamuzi mwingine wa Israeli, alikataa ufalme kwa maneno mazuri sana, kisha akatengeneza naivera (vazi la kikuhani) ya dhahabu iliyokuwa tanzi kwake na kwa nyumba yake.

Waebrania 11 inawataja wote wawili, na inasema watu hao "walitiwa nguvu baada ya kuwa dhaifu". Walitiwa. Sifa ni ya aliyewatia, na sura ya 12 inayageuza macho yetu kabisa kutoka kwao, tumtazame Yesu.

Sasa irudie ile Zaburi 146, maana nadhani haikugongana na somo lenu hata kidogo. Inaonya tusimtumainie binadamu ambaye hakuna wokovu kwake. Kisha inasema BWANA hufungua waliofungwa, BWANA huwafumbua macho waliopofuka. Wasomee watoto maneno hayo huku wakimwona Samsoni amefungwa pingu za shaba, hana macho, anasaga ngano gerezani. Watauliza mbona yeye hakufumbuliwa. Ni kweli, alikufa kipofu, na usitafute njia ya kulizunguka jambo hilo. Lakini Waamuzi 16, mstari wa 22, inasema nywele zake, zile zilizonyolewa nguvu zikamtoka, zilianza kuota tena. Wafilisti walikuwa wamekwisha kumaliza habari yake. Mungu alikuwa bado.

Na sala yake ya mwisho, "unikumbuke", haikuwa safi: aliomba kisasi cha macho yake mawili. Hata hivyo ilisikiwa.

Kwa hiyo mwambie mwanao: ndiyo, ni mtu wa imani. Alipokuwa hana nywele zake zile, hana macho, hana hata mtu wa kwake zaidi ya kijana aliyemshika mkono, alijua bado ni nani wa kumwita.