Darasa moja, viwango vinne: nianzie wapi?

SWALI: Nafundisha darasa la pili katika shule ya kijijini mkoani Mwanza. Nina wanafunzi 94. Wachache wanasoma hadithi vizuri, wengine hawajui hata silabi, na katikati kuna kundi kubwa ambalo sijui niliweke wapi: wakisoma kwa pamoja wanaitikia vizuri, nikimwita mmoja mbele anaduwaa. Muhula uliopita niliwagawa kwa mafungu, mzazi mmoja akaja juu kwamba mwanawe nimemtia "fungu la wajinga". Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, pole kwa hao 94. Nianze na hilo kundi la katikati, kwa sababu hao wanaoduwaa ndio walio karibu zaidi na kusoma, na ndio tunaowapoteza.

Niliwahi kukaa na binti mmoja wa darasa la pili, nikamwonyesha silabi "mo" kwenye kadi. Akanyamaza. Midomo ilikuwa inacheza, kidole kinagonga dawati: moja, mbili, tatu, nne. Kisha akasema kwa furaha, "Mo!" Nikampa "lu". Kidole kikagonga mara tano. Mtoto alikuwa anaimba kimoyomoyo ma, me, mi, mo mpaka aifikie. Wimbo wa silabi aliujua kuliko mimi, ila kusoma alikuwa bado.

Watoto wa namna hii hawahitaji kurudishwa kwenye a, e, i, o, u. Wanahitaji wimbo uvunjwe. Andika silabi ubaoni ovyoovyo, bila mpangilio. Zipange pia kwa irabu: ma, ka, ta, la, ba. Kisha wape vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa maka peni, wasogeze k kwenye a, wabadilishe a iwe u, watamke kila wanapobadilisha. Na herufi zitaje kwa sauti yake, si kwa jina. Mtoto aliyefundishwa kwamba herufi b ni "be" atasoma "be-a", apate "bea", na hutamlaumu.

Bahati yetu ni kwamba Kiswahili hakimfichi mtoto kitu. Karibu kila herufi ina sauti moja, na silabi nyingi huishia na irabu. Konsonanti tano tu, yaani m, k, t, l na b, zikikutana na irabu tano zinatoa silabi 25, na humo tayari mna bata, kuku, kalamu, kitabu. Akishaelewa namna ya kuunganisha, atakwenda mbio kuliko ulivyotarajia.

Sasa kuhusu kuwapima. Andaa karatasi moja: herufi kumi, silabi kumi, maneno kumi, aya fupi. Waliowahi kuona zoezi la Uwezo, ule upimaji wa watoto katika kusoma na kuhesabu, watautambua mpangilio huu. Mwite mtoto mmoja mmoja, na anapokwama, simama hapo; hicho ndicho kiwango chake. Kwa dakika mbili kila mmoja, watoto 94 ni saa tatu na kitu. Gawa kwa wiki nzima, wengine wakiwa wanaandika. Ongeza maneno matatu yasiyo na maana, kama "leku" au "pimbo", maana hayo hayakaririki. Aya isiwe na picha. Nimeona mtoto akisoma "Baba analima shamba" vizuri kabisa, nilipofunika picha kwa kiganja akasema hajafika hapo.

Kwa eneo lako, angalia jambo moja. Mtoto aliyekulia kwenye Kisukuma akisoma "bahali" penye "bahari", huyo amesoma. Usimshushe kwa sababu ya matamshi. Na anayeleta daftari karibu na pua, mkalishe mbele na uzungumze na mzazi kuhusu macho kabla hujamwita mzito.

Katika kipindi cha dakika 30, dakika kumi za mwanzo wawe pamoja: uwasomee hadithi, wote wasikilize, wote waulizwe. Kisha dakika kumi na tano za makundi. Wewe kaa na wasiojua silabi siku tatu kwa wiki, siku mbili zilizobaki zungukia wengine. Kundi la maneno lipe yanayosumbua kweli: ng'ombe na ngoma, mwezi, njia, na ile "m" isiyo na irabu. Wengi husoma "mutoto". Wapige makofi matatu, m-to-to, wataisikia.

Wanaosoma hadithi usiwageuze walimu wasaidizi kila siku. Nao wana haki ya kujifunza. Wengi wao wanasoma kwa kasi bila kuelewa. Wape maswali ya "kwa nini", na vitenzi virefu kama "hatutawasomea" wavipasue wenyewe: nani, lini, anafanyiwa nani.

Kuhusu mzazi, alikuwa na haki kwa kiasi fulani. Kuyaita makundi Twiga na Tembo hakusaidii. Watoto hujua siku hiyohiyo nani yuko wapi. Kinachosaidia ni kundi kutokuwa makazi. Liwepo kwa dakika hizo kumi na tano tu, kwenye hesabu lipangwe upya, na watoto wahame. Shirika la Pratham la India, linalojulikana kwa kuwapanga watoto kwa kiwango badala ya darasa, hutegemea sana huko kuhama. Mwite mzazi, mwonyeshe kadi iliyomshinda mwanawe na kadi anayoisoma sasa.

Pima tena baada ya wiki nne hivi. Karatasi ya kwanza usiirudie; kufikia hapo watakuwa wameshaifanya wimbo.