Diski ya 16x inachukua dakika 40 kuchomwa, na nyingine zinakwama mwishoni: majibu kwa mwenye kompyuta ya XP

Mkuu, umesema unachoma DVD za video za harusi kwenye kompyuta ya mezani yenye Windows XP. Raita (kifaa cha kuchomea diski) ni ya 16x, diski tupu zimeandikwa 16x, lakini kila moja inakula dakika 40 hivi, na baadhi zikiwekwa kwenye deki zinaganda dakika za mwisho. Hayo ni matatizo mawili. La kwanza liko ndani ya kompyuta, la pili liko zaidi kwenye diski na kasi unayochagua. Ukiyachanganya utanunua raita mpya bure.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayoonyesha pa kutafuta. 1x ya DVD ni MB 1.385 kwa sekunde (ya CD ni KB 150 tu, usizilinganishe). 16x ni kama MB 22 kwa sekunde. DVD iliyojaa ikichukua dakika 40, data inapita kwa MB 2 hivi kwa sekunde, yaani haifiki hata 1.5x. Hiyo si raita iliyochoka. Hapo kuna njia iliyobanwa.

Kwa XP, mshukiwa wa kwanza ni PIO, njia ya zamani na ya polepole ya kusafirisha data. Windows ikikutana na makosa sita ya mawasiliano kati yake na raita, inashusha hali ya usafirishaji hatua kwa hatua kutoka DMA (njia ya kasi, ambako data inapita bila kubebwa na prosesa), na mwisho inaishia PIO, ambako kila kipande cha data kinabebwa na prosesa yenyewe. Haikuambii, na haipandi tena yenyewe. Fungua "Device Manager", ingia "IDE ATA/ATAPI controllers", bofya mara mbili "Secondary IDE Channel" (raita nyingi ziko hapo), kisha "Advanced Settings". Ukiona "PIO Mode" kwenye "Current Transfer Mode", umempata mwizi. Hakikisha juu yake pamechaguliwa "DMA if available", kisha rudi nyuma, iondoe hiyo channel kwa "Uninstall" na uwashe kompyuta upya. Windows itaigundua tena na kuanza na DMA. Unatakiwa kuona "Ultra DMA Mode 2" au zaidi.

Ikirudi PIO baada ya siku chache, makosa bado yapo, na mara nyingi ni kebo. Kebo bapa ya IDE (inayounganisha raita na ubao mama) isizidi sentimita 45, isiwe imekunjwa kwa nguvu, na tumia yenye nyaya 80 badala ya ile ya nyaya 40. Raita isikae kwenye kebo moja na hadi diski (hard disk) inayotoa data, kwa sababu kwenye channel moja vifaa viwili haviwezi kusafirisha kwa wakati mmoja. Weka hadi diski kwenye Primary, raita kwenye Secondary.

Kwa wanaotumia raita ya nje: USB 1.1 inatoa kama MB 1 kwa sekunde, DVD moja itakupitisha saa nzima. USB 2.0 inatosha kabisa. Zile nyembamba zisizo na adapta ya umeme zichomekwe nyuma ya kompyuta, si kwenye tundu la mbele wala kwenye hab, maana leza ikiwaka kwa nguvu ya kuandika ndipo umeme unapopungua na kazi inakatika.

Njia ikishafunguka, usitarajie 16x mwanzo hadi mwisho. Raita hizi huanza ndani karibu na tundu kwa 6x hivi na hufika 16x ukingoni tu. Kwa hiyo DVD nzima kwa 16x ni kama dakika 6, na kwa 8x ni kama dakika 8. Dakika mbili! Kwa tofauti hiyo ndogo sioni sababu ya kuchoma video ya mteja kwa 16x.

Na hapo ndipo tatizo lako la pili linapoingia. Ukingo wa nje ndiko diski za bei nafuu zinakoharibika: rangi inayochomwa na leza haikupakwa sawasawa, diski inayumba zaidi, na ndiko kasi inakuwa kubwa kuliko mahali pengine popote. Deki inasoma vizuri saa nzima halafu inagonga sehemu hiyo na kuganda. Choma kwa 8x. Usijaze diski hadi mwisho: Windows inaonyesha nafasi ya GB 4.37, wewe punguza video iishie GB 4.1 au 4.2. Usibandike karatasi ya lebo juu ya DVD. Inaharibu mizani ya mzunguko, na gundi ikipata joto inaipinda.

Wapo watakaokuambia choma 1x au 2x ndiyo salama. Kwa diski za 16x si kweli. Rangi yake imetengenezwa kwa mpigo mkali na mfupi wa leza, na raita nyingi hata hazikubali chini ya 4x.

Kila diski tupu ina kodi (code, yaani alama ya utambulisho) ya kiwanda, na fimwea ya raita (programu iliyo ndani ya raita yenyewe) huitumia kuchagua namna ya kuichoma. Kodi isiyofahamika inachomwa kwa kubahatisha. Sasisha fimwea, na usiamini jina la kwenye boksi, kwa sababu chapa moja inaweza kuwa na diski za viwanda tofauti.

Ujumbe wa "Power Calibration Error" maana yake raita imeshindwa kupima nguvu ya leza kwenye diski hiyo. Jaribu aina nyingine ya diski kwanza, kisha angalia kama lenzi ina vumbi. Ikichoma CD vizuri na DVD zote ikazikataa, leza ya DVD imechoka. CD inatumia leza nyingine, ya nanomita 780 badala ya 650.

Bafa ya raita (kumbukumbu ndogo inayoshikilia data kabla ya kuchomwa) ni MB 2 kwa kawaida, ambayo kwa 16x inaisha chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Tangu teknolojia ya BURN-Proof ya Sanyo ya mwaka 2000 diski haiharibiki bafa ikikauka, leza inasimama na kuunganisha upya. Lakini kila kiungo ni mahali deki ya zamani inaweza kujikwaa. Kwa hiyo tengeneza imeji ya ISO (faili moja lenye yote yatakayochomwa) kwanza kwenye hadi diski (iwe imefomatiwa kwa NTFS, maana FAT32 haipokei faili la GB 4 au zaidi), simamisha antivirusi, usichome moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ndipo uchome kwa programu ya ImgBurn ukiwa umeweka alama kwenye "Verify". Hiyo inathibitisha tu kwamba raita yako inaisoma. Ijaribu pia kwenye deki mbovu kuliko zote ulizonazo, dakika kumi za mwisho.

Ukishapata dakika 8 na bado zinaganda mwishoni, badilisha diski, si raita. Weka hapa kodi ambayo ImgBurn inaionyesha kwenye "Disc ID" pamoja na modeli ya raita na toleo la fimwea, tuone kama zinapatana.